Chekeche la Karatu na chekeche la Oldupai

Wadau, nimekuwa kimya kidogo. Nilikuwa Karatu kikazi, nafuatilia habari ya vitunguu vya Mang'ola, na huko ndiko nilikopata kitu ambacho mhariri wangu amesema hakina nafasi gazetini. Basi nakimwaga hapa.

Gari tulilopanda lilikatika shokomzoba kwenye barabara ya Eyasi, tukalikokota mpaka gereji moja pale mjini. Wakati fundi wa magari anahangaika chini ya uvungu, mimi nikavutwa na cheche upande wa pili wa uwanja. Mzee mmoja wa Kiiraqw, fundi wa kuchomelea, alikuwa ndani ya bakuli la kijiko. Yaani lile bakuli la mbele la katapila la kubebea mchanga, na yeye yumo ndani kama mtu aliyeingia kuoga. Nikamwamkia, shikamoo mzee, akaitikia bila kuvua miwani, kisha akaniambia nisiangalie moto.

Alikuwa anatengeneza chekeche la kuzunguka, na si lile la kuegemeza kwenye mti ambalo kila saiti ya ujenzi Bongo unalikuta, vijana wawili wanarusha mchanga kwa koleo. Lake ni pipa lenye kipenyo cha mita moja, lililofumwa kwa nondo na wavu mzito, limekaa ndani ya bakuli la kijiko na linazungushwa na mota ya haidroliki iliyotolewa kwenye mashine iliyokufa. Dereva anazamisha bakuli kwenye lundo la korongoni, anachota, anainua, anawasha mota. Mchanga unachujika na kudondoka chini, mawe na mizizi vinabaki ndani, kisha anageuza bakuli anavitupa pembeni. Huko Ulaya na Marekani kitu hiki kinauzwa dukani kikiwa kimekamilika. Mzee alikuwa amekiona kwenye picha ya simu ya mwanawe, akasema hiki mbona tunaweza.

Kuweza kwenyewe kulikuwa na mambo yake. Pipa la kwanza alilifunga beringi mbili, mbele na nyuma, akagundua kwamba ya mbele inaziba mdomo ambao ndio mchanga unapitia. Ikabidi pipa lote libebwe kwa nyuma tu, na mzigo wote ukaning'inia kwenye ekseli moja. Halafu uzito: bakuli jipya peke yake lilikuwa zito kiasi kwamba kijiko kikichota kwa pupa, matairi ya nyuma yanapungua kushika ardhi. Akalikata pipa likawa fupi.

Lakini kilichonifurahisha zaidi ni habari ya mwendo. Siku ya majaribio aliachia mota izunguke kwa nguvu zote, akidhani haraka ndiyo kazi. Haukudondoka hata mchanga wa kujaza kikombe! Wote uliganda kwenye ukuta wa pipa, ukazunguka nalo kama watoto kwenye pembea ya maonyesho. Wale tuliosoma fizikia kidogo tunalijua hilo. Kuna kikomo cha mwendo, na kwa makadirio unachukua 42.3, unagawa kwa kipeuo cha pili cha kipenyo kwa mita. Pipa la mita moja likifika mizunguko 42 hivi kwa dakika, kilichomo hakianguki tena. Mzee hajawahi kuiona kanuni hiyo. Alipunguza mafuta yanayoingia kwenye mota, akahesabu kwa saa ya mkononi, akasimama kwenye mizunguko 20 kwa sababu hapo mchanga "unapanda halafu unakumbuka kushuka". Wahandisi nao wanapenda takriban nusu ya kile kikomo. Mimi niliyelipiwa Mlimani miaka mitatu ilibidi nitafute kanuni hiyo usiku hotelini.

Kesho yake gari likapona, na kwa kuwa tulikuwa na nusu siku, tukapanda geti la Lodoare, tukazunguka ukingo wa kreta na kuteremka mpaka Oldupai. Wageni waliandika Olduvai kwa kusikia vibaya. Oldupai ni jina la Kimaasai la mkonge-pori unaoota pale. Nilipokuwa nimesimama kwenye makumbusho ndipo lile pipa la mzee likanirudia kichwani, maana historia ya bonde lile, ukiitazama vizuri, ni historia ya chekeche.

Shuleni tulifundishwa hivi: tarehe 17 Julai 1959, Mary Leakey aliona fuvu la Zinjanthropus. Ni kweli. Mumewe Louis alikuwa amelala kambini na mafua, Mary akatoka na mbwa wake, akaona kipande cha mfupa kimechomoza ardhini, halafu meno. Mtihani ulitaka jina na mwaka, ukiandika vyote viwili unapata alama.

Ambacho mtihani haukuuliza ni fuvu lilikuwaje. Lilikuwa limesambaratika vipande takriban 400, vingine vidogo kuliko ukucha, na baadhi vilikuwa vimeshateremka na kifusi mtelemkoni. Mary hakuweza kuviona kwa macho, wala mtu mwingine yeyote asingeweza. Kifusi kikakusanywa, tani na tani, kikapitishwa kwenye chekeche, halafu kilichobaki juu ya wavu kikachambuliwa kwa vidole. Maji yalikuwa ya kusomba kutoka mbali, kwa hiyo huwezi kuosha udongo hovyo, na vumbi lile ni la majivu ya volkano za nyanda za Ngorongoro. Sasa fikiria Julai, upepo wa Serengeti, na wewe ndiye unayetikisa.

Kilichotoka kwenye zile chekeche kilibadilisha elimu ya dunia. Mwaka 1961 kipimo cha potasiamu na argoni kilitoa umri wa miaka milioni 1.75, wakati wengi walikuwa wanafikiria umri mfupi mno kuliko huo. Fuvu lenyewe lilirudi Tanzania mwaka 1965 na ni mali ya Makumbusho ya Taifa Dar es Salaam.

Waliotikisa walikuwa nani? Hapa ndipo ninapopata hasira ya kiuandishi. Jina la fuvu lilikuwa *Zinjanthropus boisei*. Zinj ni lile jina la kale la Waarabu kwa pwani yetu. Boisei ni Charles Boise, aliyekuwa anafadhili kazi za akina Leakey. Aliyetoa pesa yumo kwenye jina, na hata wanasayansi walipolihamishia kwenye kundi la *Paranthropus*, boisei ikabaki. Mwaka 1968 Peter Nzube aliokota fuvu jingine bondeni humo, limebanwa likawa bapa kama chapati. Likapewa jina la utani la Twiggy, mwanamitindo mwembamba wa London wa miaka ile. Nzube hayumo kwenye jina, lakini angalau yumo kwenye kumbukumbu, kama ilivyo kwa Heslon Mukiri, Mkenya aliyefanya kazi na Louis kwa miaka mingi. Wengine ukiwatafuta kwenye vitabu vya picha utawakuta wameinama, mikono kwenye fremu ya mbao, na chini ya picha pameandikwa tu kwamba ni wafanyakazi.

Wala haikuishia enzi za akina Leakey. Julai 1986 timu ya Donald Johanson ilipata vipande vya mwanzo vya kiunzi kinachoitwa OH 62, mahali wanapopaita Kilima cha Dikidiki. Mwishoni vipande vilizidi 300, na vingi vilipatikana kwa njia ileile, kukusanya udongo wa juu na kuuchekecha. Kwa mwanasayansi kuna sababu ya kutokwenda haraka. Chekeche la mkono linaruhusu jicho lipite juu ya kila konzi. Ukiweka mfupa wa miaka milioni mbili kwenye pipa la yule mzee, pamoja na mawe, unatoa unga.

Niliporudi Karatu nikamweleza hayo yote. Alisikiliza, akaniuliza jambo moja tu: wale watu wa bondeni walikuwa wanalipwa kwa siku au kwa lundo? Sikuwa na jibu. Akasema inategemea sana, maana anayelipwa kwa lundo hatafuti meno.

Kisha akanionyesha vijana wawili waliokaa juu ya tairi bovu wakila mihogo. Mmoja ni mtoto wa dada yake. Hao ndio wanaochekecha mchanga wa korongoni kwa mkono, wanalipwa kwa tripu ya lori, na mwenye kijiko ndiye huyohuyo anayewalipa wao na aliyemwagiza mzee atengeneze pipa. Hesabu zake ziko wazi. Nikamuuliza yule kijana anaionaje mashine ya mjomba. Akanijibu, "Kaka, mvua zikianza udongo mwekundu unanata, wavu unaziba, sisi tunakaa wiki nzima bila kazi. Pipa linajitikisa lenyewe. Lakini tukishaacha kukaa bila kazi wakati wa mvua, wakati wa jua tutakaa."

Mjomba wake alikuwa anasikia. Alizima mashine ya kuchomelea, akasema beringi ile inayobeba pipa lote itakula vumbi, lazima ipakwe grisi kila asubuhi na kila jioni, na mtu wa kuipaka lazima awe anaujua mchanga. Amemwambia mwenye kijiko kwamba hakabidhi pipa mpaka nafasi hiyo iandikwe kwa jina la mtu. Nilipoondoka, mwenye kijiko alikuwa bado hajajibu.