Kufuli ya Lahajedwali: Kutoka Lotus 1-2-3 Hadi Faili ya Chama

Leo tuweke kando habari za simu mpya. Nataka tuzungumzie programu ambayo imeshika pesa nyingi za mitaa ya Eastlands huku hakuna anayeisifu: lahajedwali. Nenda Umoja, Kayole, Dandora, Donholm au Buruburu, uulize kuhusu chama chochote. Utaambiwa kuna mwekahazina, mwekahazina ana faili ya Excel, na faili hiyo ina nywila.

Mimi kazi yangu ni kuandika programu, na majirani wanajua. Kwa hivyo huletewa maombi, na maombi yenyewe ni ya aina mbili tu. La kwanza: "Kijana, nifungie hii faili, wanachama wasiguse hesabu." La pili: "Mwekahazina amehama na nywila. Tufungulie." Anayeleta la kwanza huamini kufuli ni imara. Anayeleta la pili huomba Mungu isiwe imara. Kujua nani ana haki kati yao, inabidi turudi nyuma tuone kufuli hii ilitengenezwa lini, na ilitengenezewa kazi gani.

DAFTARI NA SANDUKU

Hesabu za vikundi ni za zamani kuliko lahajedwali. Mradi wa Dandora ulioanza 1975 kwa mkopo wa Benki ya Dunia ulipanga ploti zipatazo 6,000 zenye maji na mifereji ya maji taka, na mwenye ploti ajijengee mwenyewe. Baadhi yao, wakiwemo wanawake wengi, waliungana katika vikundi, wakachanga na kujengeana kwa zamu. Pesa za zamu haziendi bila daftari.

Daftari la karatasi lina sifa moja ambayo sisi watu wa kompyuta tunaisahau. Ukifuta kitu, kovu linabaki. Ukichana ukurasa, uzi unalegea. Hakuna nywila, lakini kila mwenye macho ni mkaguzi.

Baadaye ukaja utaratibu wa sanduku la chuma. Ulianzia Maradi, nchini Niger, mwaka 1991 chini ya shirika la CARE, kisha ukasambaa hadi Afrika Mashariki. Sanduku lina kufuli tatu, funguo zinashikwa na watu watatu, na sanduku lenyewe linakaa kwa mtu mwingine. Linafunguliwa mbele ya mkutano tu. Shikilia picha hiyo, tutaihitaji.

MSTARI MSHAZARI, W, G, P, E

VisiCalc, lahajedwali ya kwanza ya kompyuta ndogo, ilitoka 1979, kazi ya Dan Bricklin na Bob Frankston. Januari 1983 ikaja Lotus 1-2-3 ya Mitch Kapor na Jonathan Sachs, ikatawala maofisi. Kenya haikuachwa nyuma kama watu wanavyodhani. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 Wizara ya Kilimo ilikuwa tayari inajaribu kompyuta ndogo katika kusimamia bajeti yake. Na vijana waliosomea kompyuta Nairobi miaka ya mwanzo ya 1990 watakuambia utatu waliofundishwa: WordPerfect, dBase na Lotus.

Sasa angalia Lotus ilivyolinda kazi. Kila seli ilizaliwa ikiwa na alama ya kulindwa, ila ulinzi wenyewe ulikuwa umezimwa. Ungeondoa alama kwenye seli chache za kujazwa, halafu ukauwasha ulinzi kwa ukurasa mzima: mstari mshazari, W, G, P, E. Basi. Excel ikarithi mpango huohuo, na ndiyo sababu hadi leo ukifunga lahakazi bila kuandaa seli, kila kitu kinagoma.

Na nywila ya ulinzi huo je? Haikuwepo. Badala ya E ungebonyeza D, ulinzi ukazimika. Hapa ndipo siri ya mambo yote ilipo. Waliobuni ulinzi wa seli hawakuwa wakimfikiria mwizi. Walimfikiria karani aliyechoka, saa kumi jioni, anayeandika 500 juu ya fomula ya jumla bila kujua. Ni kama kamba iliyozungushwa kwenye sakafu iliyopakwa rangi: inakuambia usikanyage, haikuzuii.

Lotus pia ilileta makro. Wakati huo makro ilikuwa ni orodha ya vitufe iliyoandikwa ndani ya seli. Uliipa jina la mstari mshazari wa nyuma na herufi moja, na iliyoitwa kwa sifuri ilijiendesha yenyewe faili ilipofunguliwa. Mjanja aliunganisha haya mawili: faili ikifunguka, makro inaita amri inayomruhusu mtumiaji kutembea kwenye seli zisizolindwa peke yake. Karani anaona fomu ya kujaza, haoni lahajedwali. Hiyo ndiyo mara ya kwanza makro kuwa bawabu.

EXCEL INAPEWA LUGHA

Excel ilitoka 1985 kwa Macintosh, na 1987 kwa Windows. Mwaka 1993, katika Excel 5, Microsoft iliweka lugha kamili ya programu, VBA. Bawabu akapata akili. Sasa makro ingeweza kuuliza jina, kulinganisha, kuamua, kuficha. Excel 97 ikaongeza matukio: faili inapofunguka, inapohifadhiwa, seli inapobadilika, kila kimoja kinaweza kuamsha makro yake.

Hii hapa ndiyo mistari niliyoiona katika faili nyingi za vyama:

Private Sub Workbook_Open()
    Worksheets("Michango").Protect Password:="siri", UserInterfaceOnly:=True
End Sub

Neno la kutazama ni lile refu la mwisho. Linasema: mtumiaji azuiwe, lakini makro ziruhusiwe kuandika. Yaani mwanachama hagusi hesabu, ila kitufe cha "Ongeza mchango" kinaziandika kwa niaba yake. Hali hiyo haihifadhiwi faili ikifungwa, kwa hivyo makro lazima iirudishe kila mara faili inapofunguliwa.

Mbinu ya pili ni lango. Kabla ya kuhifadhi, makro inaficha lahakazi zote kwa kiwango cha xlVeryHidden. Lahakazi ya hivyo haionekani hata katika menyu ya kufichua, mpaka uingie kwa VBA. Inabaki lahakazi moja yenye maneno "Tafadhali ruhusu makro". Ukiruhusu, unaulizwa jina na nywila. Mwenyekiti anafunguliwa kila kitu, katibu orodha ya wanachama, mwanachama wa kawaida ukurasa wake. Kwa macho ya mtu wa kawaida huo ni mfumo kamili kama wa benki. Excel 2002 nayo ilipokuja 2001 iliongeza uwezo wa kumpa mtu eneo lake la seli na nywila yake, hata bila makro.

Nakubali, ni kazi nzuri. Mtu aliyejifunza Excel kwenye kozi ya miezi mitatu mtaani anaweza kuijenga usiku mmoja. Swali ni moja: inamzuia nani?

HESABU YA KUFULI YENYEWE

Katika faili za zamani za .xls, Excel haikuhifadhi nywila ya lahakazi. Iliisaga ikawa nambari moja ya biti 16. Nambari ya biti 16 haiwezi kuwa na thamani zaidi ya 65,536, hata nywila yako iwe shairi zima. Maana yake nywila nyingi tofauti zinafungua kufuli moja. Makro iliyosambaa sana mtandaoni inajaribu michanganyiko 194,560 tu: herufi 11 ambazo kila moja ni A au B, kisha alama moja kati ya 95. Muda si mrefu inapata kitu kama ABBABAAB na mkia wake, na kufuli inafunguka. Si nywila uliyoweka, lakini mlango haujali.

Excel 2007 ilileta .xlsx, ambayo ni furushi la zip lenye maandishi ya XML. Badili kiambishi cha faili kuwa .zip, fungua, futa kipande cha sheetProtection, funga tena. Nywila hujaigusa. Excel 2013 ilibadilisha usagaji ukawa SHA-512 wa marudio 100,000, na sasa kubahatisha nywila ni kazi ngumu kweli. Lakini kipande cha kufuta bado kipo palepale. Ni kuweka kufuli ya Uswisi kwenye lango la makuti.

Lile lango la xlVeryHidden je? Ndani ya furushi hilohilo, lahakazi iliyofichwa inasomeka kama nyingine. Zaidi ya hapo, ukifungua faili kupitia menyu huku umeshikilia Shift, makro ya kufungulia haiamki kabisa. Bawabu amelala. Microsoft yenyewe inasema wazi katika maelezo yake kwamba ulinzi wa lahakazi haukukusudiwa kuwa usalama. Kitu kinachofunga kweli ni kingine: nywila ya kufungulia faili nzima, ambayo tangu Excel 2007 hutumia usimbaji wa AES. Bila nywila hiyo hakuna cha kusoma, si kwa zip wala kwa Shift.

BAWABU AGEUKA MTUHUMIWA

Kuna kisa kingine kilichomharibia bawabu jina. Julai 1996 kilipatikana Laroux, kirusi cha kwanza cha makro za Excel kilichoenea. Machi 1999 Melissa, cha Word, kikapita kwenye barua pepe duniani kote ndani ya siku chache. Excel 97 ilianza kuuliza kama unataka makro ziruhusiwe, na matoleo yaliyofuata yakakaza. Mwaka 2022 Microsoft ikaamua makro za faili zilizotoka kwenye intaneti zizuiwe bila hata kuuliza.

Angalia basi hali ya faili ya chama leo. Inatumwa kwa WhatsApp, inafunguliwa kwenye simu, na Excel ya simu haiendeshi VBA. Mwanachama wa Kayole anaona lahakazi moja tu: "Tafadhali ruhusu makro". Akipata kompyuta ya saiba na kuruhusu, tumemfundisha kuruhusu makro ya yeyote atakayemwandikia sentensi hiyo.

NANI ANAFUNGIWA NINI?

Hapa ndipo ninapotaka tufike. Ulinzi uliobuniwa kuzuia kosa la kidole tumeugeuza kuwa ulinzi wa pesa, na katika kugeuza tumebadilisha mwelekeo wake. Mwizi anayejua kompyuta haumzuii. Anayezuiwa ni mwanachama wa kawaida, mama anayeuza mboga Soko la Mutindwa na kuchanga kila Jumapili, ambaye hana njia ya kujua kama kuna lahakazi nyuma ya ile anayoonyeshwa. Sanduku la kufuli tatu lilimzuia mwekahazina asifungue peke yake. Faili ya makro inampa mwekahazina ufunguo wa pekee na kuwazuia wengine wote. Ni kinyume kabisa.

Tena nywila moja mkononi mwa mtu mmoja si shida ya chama kidogo tu. Sakata ya NYS ya 2015, ile ya shilingi milioni 791, ilizua maswali kuhusu nywila za maofisa katika IFMIS, mfumo wa fedha wa serikali wenye wataalamu na bajeti. Kama hoja hiyo ilifika huko, tusidhani makro ya mistari mitatu itatuokoa sisi.

Mimi siku hizi nikiombwa kufunga faili, ninafanya hivi. Ulinzi wa seli nauweka, bila nywila, kwa ile kazi yake ya asili: kidole kisiharibu fomula. Faili nzima naifunga kwa nywila ya kufungulia iliyogawanywa nusu kwa nusu, mwekahazina anaandika yake na katibu yake, kama funguo za sanduku. Sifichi lahakazi yoyote. Baada ya kila mkutano nakala ya PDF inatumwa kwa kundi lote, na ikishakuwa kwenye simu ishirini hakuna anayeweza kubadilisha Machi tukifika Juni. Halafu jumla inalinganishwa na taarifa ya M-Pesa, ambayo tangu huduma hiyo ianze 2007 imekuwa daftari la pili lisiloandikwa na mtu wetu yeyote.

Na wale wanaokuja kunitaka niwafungulie? Ninawaambia waniletee viongozi wawili na kumbukumbu za mkutano uliokubali. Kufungua kwenyewe ni kazi ya dakika tano. Muda mwingi unaenda kwa maswali yanayofuata, wakati kila mtu ameinamia skrini moja na kuisoma ile safu ya Aprili kwa mara ya kwanza.