Nani Aliyeupanga Mwanga wa Kamera?

Kamera ya dijitali ikiachwa kwenye otomatiki huamua yenyewe picha iwe na mwanga kiasi gani, na wengi wetu huupokea uamuzi huo kama tunavyopokea mizani ya dukani. Lakini kipima mwanga cha kawaida hakijui uso wa mtu. Hudhani kwamba vyote vilivyo mbele yake, vikichanganywa, vitatoa kijivu cha wastani, kisha huivuta picha ifikie kijivu hicho. Bwana harusi mweusi akisimama na kanzu nyeupe mbele ya ukuta wa chokaa, hesabu inaharibika: kamera inaona weupe umezidi, inapunguza mwanga, kanzu inatoka kijivu na uso unazama gizani. Dhana hiyo imewekwa na watu, na si ya kwanza ya aina yake.

Mwaka 1954 serikali ya Marekani iliilazimisha kampuni ya Kodak iache kuuza filamu ya rangi pamoja na gharama ya kuisafisha. Maabara huru zikaingia kwenye kazi hiyo, nazo zilihitaji kigezo. Kodak ikazipelekea kadi yenye picha ya mwanamke mzungu, ambayo mafundi waliizoea kwa jina la Shirley, na mashine ilirekebishwa mpaka ngozi ya mwanamke huyo itoke sawasawa. Wanawake wa kwenye kadi walibadilika, jina likabaki, na kwa miongo kadhaa ngozi ilikuwa ileile nyeupe. Mzungu na mweusi wakipigwa picha pamoja, mmoja alitoka vizuri na mwenzake akabaki macho na meno.

Atakayeitetea Kodak atasema hiyo ni fizikia tu: ngozi nyeusi hurudisha mwanga kidogo, na filamu za wakati ule hazikuweza kubeba weupe mkali na weusi mzito kwa pamoja. Ni kweli, ila fizikia haikuchagua ni tatizo gani litatuliwe kwanza. Watu waliowahi kufanya kazi Kodak walimweleza mtafiti wa Kanada, Lorna Roth, kwamba msukumo wa kuboresha rangi za kahawia ulitoka kwa watengenezaji wa chokoleti na wa samani za mbao, waliolalamika kwamba bidhaa zao hazitofautishwi kwenye matangazo. Kadi zenye wanawake wa rangi mbalimbali zilikuja baadaye, katika miaka ya 1990.

Pingamizi zito zaidi linatoka Bamako, Mali. Mpiga picha Seydou Keïta alifungua studio yake mwaka 1948, akapiga picha za Wamali ambazo hadi leo ni vigumu kuzishinda kwa uhai wa nyuso, tena kwa sehemu kubwa akitumia mwanga wa jua uani. Kama vifaa vilikuwa na upendeleo, yeye aliwezaje? Aliweza kwa sababu filamu ya nyeusi na nyeupe ilimwachia maamuzi mkononi: mteja asimame wapi, mwanga uingie kwa muda gani, picha isafishwe vipi. Filamu ya rangi iliuhamisha uamuzi huo kwenda kwenye mashine ya maabara, kwa fundi asiyemjua mteja.

Na kwamba dawa ilijulikana, tunaye shahidi wa kusikitisha. Kamera ya vitambulisho ya Polaroid, ID-2, ilikuwa na kitufe cha kuongeza nguvu ya flashi. Vifaa vya kampuni hiyo vilitumika Afrika Kusini kupigia picha za pasi ambazo Waafrika walilazimishwa kutembea nazo. Iwe kitufe kile kilibuniwa kwa kazi hiyo au la, uso mweusi ulipata mwanga wake pale dola ilipotaka kumtambua mwenye uso. Mwaka 1970 wafanyakazi wawili weusi wa Polaroid, Caroline Hunter na Ken Williams, walianzisha upinzani dhidi ya biashara hiyo. Kampuni ilijitoa Afrika Kusini mwaka 1977.

Mtu anaweza kusema mashine lazima ianzie mahali fulani. Naam, na mahali hapo panahamishika. Mwaka 2021 Google ilitoa simu ya Pixel 6 ikitangaza kwamba imeifunza kamera yake kwa picha za watu wa rangi nyingi zaidi. Kwenye kamera za kawaida kuna alama ya kujumlisha na kutoa: kwa yule bwana harusi, isogeze kwenye kujumlisha hatua moja. Flashi nayo, badala ya kumwelekezea usoni na kumng'arisha paji, igeuziwe dari nyeupe ili mwanga umshukie ukiwa umetawanyika.