Honi, Mwanga na Redio: Gari Lilivyoanza Kuongea na Taa za Trafiki

Leo tuache kompyuta kidogo, tuingie barabarani.

Hapa Kinna hatuna taa za trafiki. Kinachosimamisha gari ni ng'ombe au ngamia wakivuka. Ukipiga honi, mchungaji anasikia na kuwasukuma pembeni. Lakini mgonjwa akipewa rufaa ya kwenda Nairobi, ambulensi inaweza kukwama kwenye makutano ya mwisho kabisa, hospitali ikiwa karibu. Taa ni nyekundu, na haijui kuwa ndani ya gari kuna mtu anayepigania uhai. Je, gari linawezaje kuiambia taa "nipishe" bila waya?

Zamani swali hili halikuwepo. Taa ya kwanza, iliyowashwa kwa gesi jijini London mwaka 1868, iliendeshwa kwa mkono na askari (mwanzoni mwa 1869 ililipuka na kumjeruhi). Hata taa ya umeme ya Cleveland, Marekani, ya 1914 ilikuwa na mtu wa kuibadilisha. Mtu anaona. Mashine ilipochukua nafasi yake, makutano yakawa kipofu.

Mwaka 1928, huko Baltimore, Charles Adler alifunga maikrofoni kwenye taa. Dereva alipiga honi, taa ikabadilika. Wazo zuri, lakini taa ilitii honi yoyote. Hebu fikiria kifaa hicho mbele ya matatu za River Road!

Miaka ya 1960 kampuni ya 3M ilikuja na Opticom. Gari la dharura lilirusha mwanga unaomweka kwa haraka, kifaa kilicho juu ya taa kikauona na kulipa njia. Baadaye watu wa kawaida wakaanza kujipatia vifaa hivyo ili wasisubiri foleni. Mwaka 2005 Marekani ikapitisha sheria ya kuwazuia. Dawa ya kiufundi ilikuwa kutia namba ya utambulisho ndani ya mwanga wenyewe.

Kisha ikaja zamu ya redio. Mwaka 1999 Marekani ilitenga masafa ya 5.9 GHz ili magari na barabara ziwasiliane, ingawa mwaka 2020 sehemu kubwa ya masafa hayo ilipewa Wi-Fi. Taa zenyewe nazo zilianza kuunganishwa kwa redio. Mwaka 2014 watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan, kwa ruhusa ya wenye barabara, waliingia kwenye mtandao wa taa karibu 100. Waliwezaje? Mawasiliano hayakufichwa, na maneno ya siri yalikuwa yale yale ya kiwandani!

Umeona mfululizo huo? Kusikia si tatizo tangu 1928. Tatizo ni kujua nani wa kuaminiwa.

Ndiyo maana simcheki askari wa Nairobi anayesimamisha magari huku taa ikiwaka kijani. Wengi humlaumu kwa foleni, na mara nyingine wana haki. Lakini anaiona ambulensi kwa macho yake, na huwezi kumdanganya kwa neno la siri la kiwandani. Siku tutakapoweka mashine mahali pake, tuulize kwanza: itamsikiliza nani, na itajuaje kuwa ni yeye kweli?