Maji Yapi? Tarikhi ya Kinywaji Chini ya Mlima Meru

Alfajiri katika Njiro, jijini Arusha, kabla jua halijavuka vilele vya miti na kabla barabara haijajaa magari, huonekana watu wazima, wake kwa waume, wakitembea kwa hatua za haraka, na aghalabu kila mmoja ana chupa ya maji mkononi kama msafiri anayejiandaa kukata jangwa. Wengi wao wameshauriwa na matabibu wapunguze uzito, waache soda, na wanywe maji ya kutosha. Na shauri hilo ni jema, wala sina nia ya kulipinga. Lakini jirani yangu mmoja, mzee wa Kimeru aliyezaliwa Ngare Nanyuki, alipoambiwa na muuguzi kwamba anywe bilauri nane kila siku kwa ajili ya siha yake, alimwuliza jambo moja tu: "Maji yapi, mwanangu?" Muuguzi yule, kwa kuwa alikuwa kijana na mgeni wa mkoa huu, alidhani mzee anamtania. Mzee hakuwa akitania hata chembe, na swali lake lina tarikhi ndefu kuliko umri wake.

Nchi hii imepewa majina yake na maji. Katika lugha ya Kimaasai, ambayo ndiyo lugha ya Waarusha pia, neno engare maana yake ni maji. Basi Ngarenaro, kata iliyo katikati ya jiji, ni maji meusi, na Ngare Nanyuki, upande wa kaskazini-mashariki wa mlima, ni maji mekundu. Nao mto wenye rangi ya kahawia katika njia ya Moshi ukaitwa Maji ya Chai, jina lililokaa mpaka likawa la mji mzima. Waliotoa majina hayo walikuwa watu wenye macho makali, wakayasoma maji kwa rangi yake. Ila kitu kilichokuwa kikiwadhuru wao na watoto wao hakina rangi, hakina harufu, na katika kinywa cha mtu aliyekizoea hakina ladha.

Kabla ya bomba kulikuwa na mifereji. Wameru na Waarusha, waliolima migomba katika miteremko ya mlima huu wenye kimo cha zaidi ya mita 4,500, walichepusha vijito vinavyotoka msituni wakaviongoza shamba kwa shamba, kila ukoo ukipata zamu yake, na mwenye kuiba zamu ya mwenzake akihukumiwa na wazee. Mfereji ulikuwa wa mgomba kwanza. Lakini mtungi wa nyumbani ulijazwa humohumo, alfajiri, kabla ng'ombe hawajashuka kuyatibua maji. Hata Wajerumani walipojenga boma lao la Arusha mwaka 1900, na mji ukaanza kukua kando ya mito ya Themi na Naura, hesabu ya maji iliendelea kuwa hesabu ya wingi: nani anayo, nani hana, nani yuko juu ya mfereji na nani yuko chini.

Hesabu hiyo ndiyo iliyoumiza sana mwaka 1951. Serikali ya Uingereza iliwahamisha Wameru wapatao 3,000 kutoka Ngare Nanyuki ili ardhi ile wapewe walowezi, nyumba zikateketezwa kwa moto, na watu wakaelekezwa Kingori, bondeni, penye joto na malaria. Mwaka uliofuata Kirilo Japhet alisafiri hadi New York akasimama mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa kuwasemea watu wake, na kwa safari hiyo jina la mlima wetu likasikika mahali ambapo halikuwahi kutajwa. Baadaye ardhi ile ilirudi mikononi mwa wenyewe. Walirudi kwa furaha, wakachota tena maji ya kwao, na maji ya kwao yalikuwa miongoni mwa maji mazito kabisa ya mlima.

Uzito huo unatokana na moto wa kale. Mlima Meru ni volkano, na miamba na majivu yake yamebeba madini ya floraidi kwa wingi. Maji ya mvua yanapopenya ardhini huyayeyusha polepole, na kadiri yanavyokaa na kusafiri chini ya ardhi ndivyo yanavyozidi kuyabeba, hata kijito kilicho safi karibu na msitu huweza kuwa kitu kingine kabisa kifikapo tambarare. Utafiti uliochapishwa mwaka 1984 ulikuta mito ya miteremko hii ikiwa na miligramu 12 hadi 26 za floraidi katika lita moja, chemchemi 15 hadi 63, na maziwa ya magadi, ambayo Momella ni mashuhuri kati yake, kufika 690. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi miligramu 1.5.

Athari yake ilijulikana ng'ambo kabla haijapewa jina huku. Mwaka 1901 daktari wa meno Frederick McKay aliwakuta watu wa Colorado Springs, Marekani, wana meno yenye madoa ya kahawia, akatumia miaka mingi kutafuta sababu. Jawabu lilipatikana mwaka 1931, mkemia H. V. Churchill alipoipima floraidi ndani ya maji. Kwetu sisi, watafiti Grech na Latham walichapisha habari za maradhi haya katika Tanganyika ya kaskazini mwaka 1964. Jino hudhurika likiwa bado linaumbwa ndani ya ufizi, yaani katika miaka ya utoto, na likishachomoza na doa lake halioshwi kwa mswaki wala kwa mkaa. Pale ambapo madini yamezidi sana, mifupa nayo hushikwa: miguu ya mtoto huota matege, na mgongo wa mtu mzima hukakamaa. Aliyekulia huku anaijua ishara moja ambayo vitabu havikuiandika, nayo ni msichana anayepeleka kiganja mdomoni kila anapocheka.

Sasa tulirudie shauri la bilauri nane. Asili yake hutajwa kuwa ni waraka wa mwaka 1945 wa bodi ya lishe ya Marekani, uliokadiria mahitaji ya mtu mzima kuwa lita 2.5 kwa siku, ukaongeza kuwa sehemu kubwa ya maji hayo imo tayari ndani ya chakula. Watu wakaishika namba, wakaisahau ile nyongeza. Kuhusu uzito wa mwili, ithibati ipo, ingawa ni ya kiasi. Jaribio lililochapishwa mwaka 2010 liliwapa watu wa makamo na wazee nusu lita ya maji kabla ya kila mlo, pamoja na chakula cha kupunguza mwili, na baada ya majuma 12 walikuwa wamepungua takriban kilo 2 zaidi ya wenzao waliokula vivyo hivyo bila maji hayo. Faida kubwa zaidi, kwa rai yangu, ni ile ya soda inayoachwa mezani, kwani chupa moja ya mililita 300 hubeba takriban gramu 30 za sukari.

Lakini bilauri nane ni lita mbili. Lita mbili za maji yenye miligramu 1.5 humpa mnywaji miligramu 3 za floraidi. Lita mbili za maji yenye miligramu 15 humpa 30. Mtii wa shauri ndiye anayepata sehemu kubwa zaidi, na mtoto anayekimbia juani, mwenye kiu ya kweli, hupata kuliko sote. Mama mwangalifu akiyachemsha, kama alivyofunzwa kwa haki ili kuua vijidudu, huiacha floraidi palepale ilhali mvuke unayapunguza maji, basi kinachobaki ndani ya birika kimekolea zaidi. Akitia magadi kwenye makande ili maharage yaive upesi, huongeza floraidi nyingine. Ni jambo la kusikitisha mno kwamba mambo mawili ya uangalifu na moja la uchumi wa kuni yakutane yote katika kinywa cha mtoto mmoja. Nayo Tanzania, kwa kuwa haikuwa na maji mengine ya kuwapa watu wa vijijini, ilivumilia kwa miaka mingi kiwango cha miligramu 8, kikashuka hadi 4, na hatimaye kikafikia 1.5.

Watu hawakukaa kitako. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto kimefanya kazi ya miaka mingi kwa mifupa ya ng'ombe, inayochomwa ndani ya tanuri hadi iwe mkaa mweusi, ikapondwa na kupangwa ndani ya ndoo. Maji hupita humo yakaiacha floraidi nyuma. Wapo waliosita kunywa maji yaliyopita katika mfupa wasiojua ulitoka kwa mnyama gani, na kusita kwao kulistahili kujibiwa kwa staha. Katika Chuo cha Nelson Mandela kilichopo Tengeru, Dkt. Askwar Hilonga alibuni chujio lake la mchanga na chembechembe ndogo mno, akatunukiwa kwa ajili yake tuzo ya uhandisi ya Afrika mwaka 2015. Dawa ya zamani kuliko zote, hata hivyo, ni mvua yenyewe, kwa maana tone linaloanguka juu ya bati halijapata wasaa wa kuzungumza na mwamba.

Hiyo ndiyo aliyoichagua jirani yangu. Nilimkuta jioni moja barazani kwake, tangi limesimama pembeni chini ya mfereji wa bati, na juu ya meza pana jagi na kikombe cha bati chenye masikio yaliyochubuka. Amepiga mistari ya chaki ukutani, mmoja kwa kila kikombe, na siku ile ilikuwa imefika sita. Nikamwambia kwamba muuguzi wake angefurahi kuiona hesabu ile. Akacheka, na ijapokuwa meno yaliyobaki kinywani mwake hayazidi vidole vya mkono mmoja, kiganja chake kilipanda chenyewe kikafunika mdomo.