Sindano za Mrima: wanawake, nguo na kofia kutoka Bagamoyo hadi Ubena



Kila Idi inapokaribia, sisi wanawake wa visiwani tuna kazi ambayo haiandikwi popote: kuhakikisha baba, mume na watoto wa kiume wana kofia safi. Tunafua, tunatia wanga, tunapiga pasi. Kofia inakwenda msikitini, inapigwa picha, inasifiwa na wageni. Aliyeishona hatajwi. Anajulikana muuza duka na anajulikana mvaaji, lakini mwanamke aliyekaa nayo barazani au ukumbini wiki baada ya wiki, akitoboa na kuzungushia uzi, jina lake halifiki sokoni.

Leo tunataka kumzungumza yeye. Na ili tumfahamu vizuri, tutavuka bahari twende Mrima, Bagamoyo na bara yake hadi Ubena, kwa sababu huko historia ya nguo imeshikana na historia ya utumwa na uhuru, na sindano ya mwanamke ipo katikati.

Mji uliohesabu mali kwa mikono ya nguo

Karne ya 19 Bagamoyo ilikuwa mlango wa bara. Misafara iliondoka hapo, ikavuka mto Ruvu, ikapita Ukwere, Ukami na Usagara kwenda hadi Unyanyembe, Tabora ya leo, na kuendelea mpaka Ujiji. Ubena ya sasa, iliyo kwenye barabara kuu ya Morogoro upande wa magharibi wa wilaya ya Bagamoyo, ipo katika ukanda huohuo wa kutoka pwani kwenda bara. Wapagazi walirudi na pembe za ndovu. Walipokwenda, mizigo yao mingi ilikuwa nguo, shanga na waya.

Nguo ilikuwa fedha. Ilipimwa kwa mkono, kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole. Mikono 4 ni shuka, mikono 8 ni doti. Hata leo tukienda dukani tunasema "doti ya kanga" tukimaanisha vipande viwili, na wengi wetu hatujui kwamba tunatumia kipimo cha misafara. Ushuru kwa machifu wa njiani, chakula cha wapagazi na zawadi, vyote vilikatwa kutoka kwenye jora la kitambaa.

Kitambaa kilichopendwa zaidi kilikuwa merikani, pamba nzito isiyopaushwa. Jina lake linasema kilikotoka. Mwaka 1833 Sayyid Said alifanya mkataba wa biashara na Marekani, na meli za Salem, Massachusetts, zikawa zinaleta kitambaa hicho Unguja na kuondoka na pembe, sandarusi na ngozi. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, 1861 hadi 1865, vilikatiza pamba hiyo, na vitambaa vya Uingereza na Bombay vikachukua nafasi. Pamoja na merikani kulikuwa na kaniki, nguo ya rangi ya nili iliyoiva karibu kuwa nyeusi, ambayo iligharimu kidogo na ilivaliwa na wanawake wa kazi.

Nani aliruhusiwa kuvaa nini

Katika mji uliojaa nguo, si kila mtu alivaa anachotaka. Mtoro bin Mwinyi Bakari, mzaliwa wa Dunda karibu na Bagamoyo, aliandika habari za desturi za watu wa Mrima, na maandishi hayo yalitolewa na Carl Velten huko Ujerumani mwaka 1903 kwa jina la *Desturi za Wasuaheli*. Humo tunaona jinsi mavazi yalivyomtenga mtumwa na muungwana. Mtumwa wa kiume hakuvaa kofia wala viatu mbele ya waungwana. Mtumwa wa kike hakuruhusiwa kujifunika kichwa kama mwanamke muungwana anavyojifunika.

Tulitafakari jambo hilo, wapenzi. Kipande cha nguo ambacho sisi leo tunakitupia kichwani bila kufikiri, bibi fulani wa Bagamoyo alikatazwa. Kwake yeye kujistiri hakukuwa suala la mtindo. Ilikuwa haki aliyonyimwa kwa sababu ya hali aliyozaliwa nayo au aliyoingizwa kwa nguvu.

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Hali ya utumwa yenyewe ilifutwa kisheria visiwani mwaka 1897, na Tanganyika mpaka mwaka 1922. Sheria hizo zilipokuja, mabadiliko yalionekana kwanza mwilini. Watu waliokuwa wakivaa kaniki na merikani waliziacha kwa haraka, kwani zilikuwa zinawakumbusha walikotoka. Wanaume wakavaa kanzu na kofia. Wanawake wakanunua kanga za rangi na kujifunika wapendavyo.

Na kanga yenyewe ilianza na mikono ya wanawake. Inasimuliwa kwamba wanawake wa pwani walikuwa wakinunua vitambaa vya leso, neno lililotoka kwa Wareno, vikiwa vimeunganishwa katika jora moja. Wakavikata na kuvishona vitatu juu na vitatu chini, vikawa shuka moja pana ya kujifunga. Wafanyabiashara waliona, ndipo wakaagiza shuka zilizochapwa tayari. Jina la kanga linahusishwa na ndege kanga na madoadoa yake. Maana yake ni kwamba viwanda vya Ulaya na India vilifuata wazo la wanawake waliokuwa na sindano na uzi majumbani mwao.

Darasa la sindano

Kushona hakukuwa kazi ya tabaka moja. Bibi Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na baadaye kujulikana kama Emily Ruete, alitoa kumbukumbu zake mwaka 1886. Ameeleza jinsi mabibi wa nyumba za kifalme walivyotumia saa nyingi kudarizi na kushona nguo zao. Kwa hiyo sindano ilikuwa mkononi mwa binti wa sultani na mkononi mwa kijakazi. Tofauti ilikuwa nani anashona kwa kupenda na nani anashona kwa kuamriwa.

Bagamoyo kulikuwa na darasa la namna nyingine. Mapadri wa Roho Mtakatifu walifungua misheni yao hapo mwaka 1868, wakajenga kijiji cha watu waliokombolewa utumwani. Masista walikuwa pamoja nao, na wasichana walifundishwa kushona. Dini yao si yetu, lakini historia ya sindano Mrima haiwezi kuandikwa bila wasichana wale, ambao wengi walikuwa hawana mama wala shangazi wa kuwafundisha.

Kwetu Unguja, skuli ya serikali ya wasichana ilifunguliwa mwaka 1927. Wazazi wengi waliogopa kuwapeleka mabinti. Kilichosaidia kuwatuliza ni Qur'ani na ushoni. Mama aliyekuwa na shaka na hesabu na jiografia aliweza kuishika kazi ya mwanawe, kugeuza nyuma ya kitambaa, kukagua mafundo, na kusema: "Haya, mwanangu anafundishwa." Sindano ilimfungulia mlango, na kalamu ikapita humohumo.

Tanganyika ilipopata uhuru, Umoja wa Wanawake wa Tanganyika uliundwa mwaka 1962 chini ya uongozi wa Bibi Titi Mohamed. Bibi Titi mwenyewe alitoka katika vikundi vya ngoma vya wanawake Dar es Salaam, na vikundi hivyo ndivyo alivyovitumia kuwaingiza wanawake TANU kuanzia mwaka 1955. Tunaosoma habari hizi mara nyingi tunaona siasa na nyimbo tu. Lakini kila kikundi kilikuwa na sare, mfuko wa michango, kiongozi na siku ya kukutana. Ndiyo mifupa ileile ya vikundi vya ushoni vilivyofuata.

Kofia inavyozaliwa

Kofia ya mkono, ambayo wengine huiita ya viua na wengine bulibuli, ina vipande viwili: duara la juu, na ukanda unaozunguka kichwa. Kila kipande ni kitambaa cheupe cha pamba cha tabaka mbili.

Kwanza nakshi inachorwa kwa penseli. Uchoraji ni ujuzi wa pekee na si kila mshonaji anao, kwa hiyo kazi huanza kwa mtu mmoja na kwenda kwa mwingine. Kisha mshonaji anatoboa vitobo vidogo kufuata mchoro, na kila kitobo anakizungushia uzi mpaka ukingo wake unakaza. Vitobo ni vingi mno. Vikijipanga, ndivyo vinavyofanya maua, nyota, majani au maandishi. Mwisho vipande vinaunganishwa, kofia inafuliwa, inatiwa wanga na kuumbwa.

Kofia moja nzuri inaweza kuchukua mwezi, na ile ya nakshi nzito miezi kadhaa, kwa sababu mshonaji hashoni kutwa. Anashona baada ya kuosha vyombo, mtoto akilala, kabla ya magharibi haijaingiza giza. Macho yanachoka, shingo inauma, ncha ya kidole inakuwa ngumu.

Kwa wanawake wa pwani ambao desturi iliwaweka ndani, kazi hii ilikuwa njia ya kupata senti yao bila kutoka. Kofia ilipelekwa dukani na mtoto au bibi mzee. Hapo ndipo palipokuwa na faida, na hapo ndipo palipokuwa na hasara. Asiyefika sokoni hajui bei ya sokoni. Mfanyabiashara akileta kitambaa na uzi, mwanamke analipwa ujira wa mkono tu, na tofauti kati ya ujira huo na bei ya dukani haioni.

Ujuzi huu ulisafiri mbali. Kumma wanazovaa wanaume wa Oman ni ndugu wa kofia zetu, na familia zilizohama kutoka Unguja baada ya mwaka 1964 na 1970 zilikwenda na sindano zao. Komoro nako kofia ya kushonwa na wanawake ni zawadi ya heshima kwa bwana harusi.

Vikundi: kwa nini kukaa pamoja kuna maana

Mrima ya leo ina kazi nyingi za mikono. Bagamoyo ni mji wa sanaa: Chuo cha Sanaa kilianzishwa mwaka 1981, na ndicho kinachojulikana sasa kama TaSUBa. Watalii wananunua batiki. Wanawake wanasuka mikeka ya ukindu, wanafuma vitambaa vya makochi, wanadarizi foronya na mashuka ya harusi. Kwetu Mji Mkongwe, kikundi cha Sasik kimeonyesha kwamba mito na mapazia yanayoshonwa kwa vipande vya vitambaa, kwa nakshi za milango yetu, yanaweza kulisha nyumba nyingi.

Kikundi kinabadilisha mambo matatu. La kwanza ni bei. Mwanamke mmoja akikataa ujira mdogo, mfanyabiashara anakwenda nyumba ya pili, lakini kumi wakikubaliana hana pa kwenda. La pili ni mtaji. Upatu wa wanawake kumi unanunua jora zima badala ya yadi mbili mbili. Na kwa upande wa Bara, sheria ya mwaka 2018 inazitaka halmashauri zitenge asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba, na asilimia 4 ni ya vikundi vya wanawake. Kwa sisi tunaoikimbia riba, hilo si jambo dogo. Lakini mkopo huo hapewi mtu peke yake. Ni lazima kiwepo kikundi kilichosajiliwa.

La tatu ni ujuzi wenyewe. Kofia za mashine zinaingia kwa wingi na bei yake ni ndogo. Kijana wa kawaida haoni tofauti, na hatumlaumu, kwa sababu hajafundishwa. Msichana anayemwona mama yake akishona miezi miwili kwa malipo ya kununulia sukari na mchele wa siku chache hatataka kurithi kazi hiyo. Kwa hiyo tusipolipa vizuri, hatutapoteza kofia tu. Tutapoteza watu wanaojua kuichora.

Tufanye nini sisi

Tunapendekeza mambo machache ambayo kila mmoja wetu anayaweza.

Jifunze kuitambua kofia ya mkono. Igeuze ndani. Ya mashine ina nyuzi zilizorukaruka upande wa nyuma, na vitobo vyake mara nyingi vimezibwa. Ya mkono ni safi pande zote mbili, vitobo viko wazi kweli na kichwa kinapata hewa. Ukiangalia kwa makini utaona vitobo havilingani kabisa, kwani vimetobolewa na kiganja cha mtu.

Itunze. Loweka kwenye maji baridi na sabuni laini, usiikamue kwa kuisokota, usitie dawa kali ya kupaushia. Tia wanga kidogo, kisha ianike juu ya bakuli lililopinduliwa ili ikauke na umbo lake.

Uliza jina la aliyeshona. Ukiagiza kofia, agiza mapema, tangulia na malipo ya kitambaa na uzi, na usimcheleweshee salio lake. Tumefundishwa na Mtume wetu (S.A.W.) kwamba mfanyakazi alipwe kabla jasho lake halijakauka, na mshonaji wa kofia ni mfanyakazi, hata kama amekaa kwenye mkeka ndani ya nyumba yake.

Na kama mtaani kwako yuko bibi anayejua kuchora nakshi, mkusanyie wasichana watano au sita siku za Jumamosi baada ya alasiri. Kitambaa cheupe, sindano, uzi na penseli vinatosha kuanzia. Waandike majina ya nakshi anazozijua kwenye daftari, na chini ya kila mchoro waandike jina la bibi aliyewafundisha.