Kutoka Kitale hadi Kiryandongo: Diplomasia Isiyogusa Ardhi

Ghasia zilizofuata uchaguzi wa Kenya wa Desemba 2007 ziliwagawa majirani wa Trans Nzoia na Bungoma katika matabaka mawili ya kisheria. Waliojibanza katika uwanja wa maonyesho wa Kitale au kambi ya Endebess walihesabiwa kuwa wakimbizi wa ndani, chini ya Wizara ya Mipango Maalum. Waliovuka mpaka, wengi kupitia Malaba, waligeuka wakimbizi wa kimataifa. Takriban 12,000 waliingia Uganda, wakapokewa Mulanda, Tororo, na baadhi yao wakapelekwa Kiryandongo. Wa kwanza walilengwa na Operesheni Rudi Nyumbani ya Mei 2008, iliyoahidi shilingi 10,000 za kuanzia maisha na 25,000 za kujenga upya nyumba. Wa pili walihimizwa tu kurejea, kana kwamba kilichowazuia ni nauli. Nashikilia kwamba mazungumzo ya Nairobi na Kampala kuhusu kuwarejesha yalikuwa na mipaka tangu mwanzo, kwa sababu swali lililowafukuza watu hawa, yaani nani ana haki ya kulima wapi, halikuwa mezani.

Mlima Elgon unaonyesha gharama ya kulikwepa swali hilo. Mpango wa makazi wa Chepyuk ulianza 1971, ukagawa ardhi kwa awamu, na kila awamu ikazaa wanaodai kupunjwa. Kutokana na manung'uniko hayo likaibuka mwaka 2006 kundi lenye silaha la SLDF (Sabaot Land Defence Force), hata jeshi likaingia Machi 2008 kwa Operesheni Okoa Maisha, ambayo nayo ilishutumiwa kwa mateso. Kumwambia mtu arudi pembezoni mwa eneo hilo bila kumwonyesha hati inayoheshimiwa na jirani yake ni kumrudisha kwenye foleni ya kambi ijayo.

Wapo wanaosema waliosalia Kiryandongo walivutiwa na vipande vya ardhi vya bure na ndoto ya kuhamia ng'ambo. Huenda wapo wa namna hiyo. Lakini kipande hicho ni cha kutumia, si mali; mkulima anayekipendelea kuliko shamba lake mwenyewe anatoa ushahidi kuhusu shamba hilo. Pingamizi zito zaidi ni kwamba kurejesha watu kwa nguvu ya dola kungechochea upya madai ya ardhi ya wenyeji, Wasengwer na Wasabaot, ambayo yana historia ndefu kuliko hatimiliki nyingi za Trans Nzoia. Nalikubali, na ndiyo maana wenyeji hao nao wanastahili kiti katika mazungumzo hayo.

Kenya haikosi mfano wa mazungumzo ya aina hiyo. Mwaka 2013 ilitia saini na Somalia na UNHCR, shirika la Umoja wa Mataifa la wakimbizi, makubaliano ya kuwarejesha wakimbizi wa Kisomali kwa hiari, usalama na heshima. Sheria yake ya 2012 kuhusu wakimbizi wa ndani, kwa upande mwingine, inamtambua asiyevuka mpaka tu. Aliyefika Malaba akaendelea mbele aliachwa nje ya tafsiri hiyo, ilhali shamba lake lilibaki pale pale Trans Nzoia.