Ua Nililoleta kwa Mkebe wa Kimbo

Nilikuwa na miaka tisa nilipoleta gugu maji kwa Kukhu. Hakuna aliyenituma. Ilikuwa 2010, tumeenda Port Victoria kununua samaki, na pale ufuoni, katikati ya mitumbwi, nikaona ua la zambarau lenye doa la manjano limesimama juu ya maji. Nililing'oa na mizizi yake yote, nikalitia kwenye mkebe wa Kimbo wenye maji kidogo, nikalipakata kwenye matatu hadi kijijini. Kukhu akasema ni zuri. Nikaliweka kwenye kidimbwi chake cha samaki.

Kidimbwi chenyewe kilikuwa kipya. Katika mwaka wa fedha wa 2009/2010, kwenye ule mpango wa kufufua uchumi, serikali iliamua kuchimba vidimbwi 200 katika kila eneobunge kati ya maeneobunge 140, kila kimoja cha mita za mraba 300. Kukhu alibahatika kupata kimoja. Chini yake, mwendo wa dakika mbili, kuna bwawa la kijiji, kama nusu ekari hivi. Ng'ombe hunywa hapo, sukuma hunyunyiziwa kutoka hapo. Mvua kubwa ikinyesha, kidimbwi hufurika na kumwagikia bwawani.

Hesabu iliyobaki unaweza kuifanya mwenyewe. Gugu hili likipata joto na maji yenye mbolea, linaongezeka maradufu ndani ya wiki moja au mbili. Halingoji mbegu: linatoa vitawi pembeni, kila kitawi kinakuwa mmea, na kila mmea unatoa vyake. Nilipofika kidato cha kwanza bwawa lilikuwa kijani ukingo hadi ukingo. Zulia likifunika maji hivyo, mwanga hauingii na hewa inapungua, na samaki wanakufa. Kidimbwi cha Kukhu kilikufa kwanza. Kisha siku moja ndama wa jirani alidhani ni nyasi, akatembea juu yake. Walimtoa jioni, ameshavimba.

Kukawa na mkutano chini ya mwembe. Watu wakauliza, nani alileta hii kitu? Wengine wakasema ni ndege, wengine wakasema ni mafuriko, mzee mmoja akasema ni serikali. Nilikuwa nimesimama nyuma ya anko. Sikusema neno.

Miaka mingi baadaye, nikiwa nimeacha chuo na kuanza kuandikia watu makala kwa bei ya neno, nilipewa kazi ya kuandika kuhusu Ziwa Victoria. Ndiyo nikaanza kusoma historia ya hili gugu, na kitu kilichonishika ni kwamba hadithi yangu haikuwa mpya hata kidogo. Karibu kila mahali lilipofika, kuna mtu aliyelibeba kwa sababu ni zuri.

Kwao ni Amerika Kusini, bonde la Amazon. Huko lina wadudu wa kulila, kwa hivyo linakaa na adabu. Inasimuliwa kwamba Wamarekani waliligawiwa kama zawadi kwenye maonyesho ya pamba ya New Orleans mwaka wa 1884, wakalipeleka kwenye vidimbwi vya bustani zao. Kufikia katikati ya miaka ya 1890, meli kwenye mto St. Johns kule Florida zilikuwa zinakwama. Misri walilipanda kama pambo mwishoni mwa karne ya 19. Miaka ya 1950 lilikuwa limetapakaa kwenye mto Congo, na Wabelgiji wakawa wanalinyunyizia dawa ya 2,4-D. Mahali kwingi ni hivyo hivyo: bustani kwanza, halafu mto, halafu mkutano wa kuuliza nani alileta.

Mwaka wa 1899 Bunge la Marekani liliwapa wahandisi wa jeshi lao kazi ya kuliondoa mitoni. Ukisoma walichojaribu, utadhani unasoma kuhusu mafundi wa jua kali wenye bajeti kubwa. Walijaribu kulivuta kwa uma. Walijenga mashua za kulisaga na kulitema ukingoni. Walipoona haliishi, wakaingia kwenye sumu ya aseniki. Ng'ombe wanakula majani ya gugu, kwa hivyo mwaka wa 1905 Bunge likalazimika kupiga marufuku, kule Florida, dawa yoyote ya kudhuru ng'ombe wanaolila.

Halafu kuna hii, ambayo nilipoisoma nilisimama nikatembea chumbani. Mwaka wa 1910, mbunge wa Louisiana aitwaye Robert Broussard alipeleka mswada bungeni akiomba dola 250,000 za kuleta viboko kutoka Afrika. Ndiyo, viboko. Wangekula gugu, na Wamarekani wangekula viboko, maana nyama ilikuwa imepanda bei. Waliomsaidia kupigia debe wazo hilo ni Frederick Burnham na Fritz Duquesne, watu wawili waliopigana pande tofauti kwenye vita vya Waingereza na Makaburu. Mswada haukupita. Lakini fikiria umefika mahali ambapo kiboko anaonekana ndiyo njia rahisi.

Kwetu gugu lilionekana Ziwa Victoria mwishoni mwa miaka ya 1980. Mto Kagera, unaotoka Rwanda na Burundi, ulikuwa unalileta kila siku, na mpaka leo unalileta. Kufikia 1998 Ghuba ya Winam pekee ilikuwa na takriban hekta 17,000. Waliokuwa Kisumu wakati huo watakuambia meli zilivyofungiwa bandarini na wavuvi walivyokaa siku nzima wakitazama mitumbwi yao imezungukwa. Huku Nairobi, Nairobi Dam, iliyojengwa 1953 na ambapo watu walikuwa wakishindana kwa mashua za tanga, nayo ilifunikwa. Leo ukipita Lang'ata unaweza kudhani ni shamba.

Kenya ilijaribu njia mbili. Ya kwanza ni wadudu: fukusi wadogo wa jenasi ya Neochetina, asili yao kulekule Amerika Kusini, walioachiliwa ziwani upande wetu kuanzia 1997. Fukusi mkubwa hukwangua majani, kiluwiluwi chake hutoboa shina, na mmea unazama polepole. Ya pili ni mashine. Kuanzia 1999, chini ya mradi wa mazingira wa ziwa uliofadhiliwa na Benki ya Dunia, zililetwa mashine kutoka Marekani za kulikatakata gugu na kuliacha lizame humo humo. Wavuvi walilalamika, na ukifikiria utaona kwa nini: kitu kinachooza majini kinakula hewa ya samaki. Karibu na mwaka wa 2000 gugu lilipungua sana. Wanasayansi wamebishana kama ni kazi ya fukusi au ni mawingu na mawimbi ya El Niño ya 1997 na 1998. Mvua za 2006 zilipokuja, likarudi.

Makala niliyotumwa niliyamaliza, nikalipwa. Lakini nilikuwa na deni lingine. Desemba iliyopita nikapanda basi la usiku la Busia.

Anko ni fundi wa kuchomelea vyuma. Madirisha, milango, kengele za ng'ombe, chochote. Nilimwambia nataka tutengeneze kitu cha kusafisha bwawa. Akanitazama.

"Wewe si uliacha hiyo kozi ya mashine?"

"Niliacha, anko. Lakini miaka miwili nilisoma."

"Basi leta hiyo miaka miwili tuone."

Tulianza na hesabu. Hekta moja ya gugu lililoshikana huwa na uzito wa zaidi ya tani 200, karibu yote maji. Nusu ekari ni kama sehemu ya tano ya hekta. Yaani tani 40. Wilbaro moja ikibeba kilo 60, ni safari zaidi ya 660. Hapo ndipo nilielewa kwa nini vijana wa kijiji walijaribu kwa mikono mara mbili, wakaacha mara mbili.

Trekta hatukuwa nayo. Tulikuwa na pikipiki ya anko ya cc 150. Wazo lilikuwa kuigeuza winchi. Tuliisimamisha kwa stendi kubwa, tukaifunga kwa minyororo kwenye mti, tukatoa tairi la nyuma. Rimu tupu ina mfereji mzuri wa kuzungushia kamba. Ukiweka gia ya kwanza, rimu inazunguka polepole, inavuta kamba ya manila. Kwenye ncha ya kamba ndipo kifaa chenyewe: reki ya upana wa mita mbili, ya bomba la maji la chuma, yenye meno ya nondo ya milimita 12 yaliyochomelewa kila sentimita 15. Kamba ya pili iko ng'ambo, ya kuirudisha reki baada ya kila mvuto.

Siku ya kwanza reki ilizama, ikang'ata matope, meno mawili yakapinda, kamba ikakatika na kupita karibu na sikio langu. Baada ya hapo tulikata sheria: pikipiki ikivuta, hakuna mtu kusimama kwenye mstari wa kamba.

Siku ya pili tulifunga mitungi minne mitupu ya lita 20 juu ya bomba ili reki ielee. Sasa ikaelea mno, ikawa inateleza juu ya majani kama kitana kwenye nywele zilizopakwa mafuta. Tukapunguza mitungi kuwa miwili na kupinda meno mbele kidogo. Hapo ikashika. Zulia la kijani likaanza kusogea kwa pamoja, likajikunja ukingoni kama mkeka, na chini yake, kwa mara ya kwanza baada ya miaka kumi, nikaona maji. Watoto wakapiga kelele. Mimi pia nilipiga, sioni haya.

Halafu injini ikazima. Pikipiki hupozwa na upepo, na pikipiki iliyofungwa kwenye mti haina upepo. Ilikuwa imechemka hadi rangi ya tangi inanuka. Anko hakusema kitu, na kunyamaza kwake kulikuwa kubaya kuliko matusi, kwa sababu hiyo pikipiki ndiyo inampeleka kazini. Tuliiacha hadi kesho yake. Iliwaka. Tangu hapo tunavuta dakika kumi, tunapumzika ishirini, na mtoto wa jirani anaipepea kwa sinia.

Ilituchukua siku kumi na moja. Gugu lote tulilirundika mbali, juu ya mlima, mahali ambapo maji hayawezi kulirudisha. Hilo nilisisitiza kwa sababu ya ile habari ya kulikatakata na kuliacha majini. Likikauka linabaki kidogo sana. Kina mama wakachukua kuweka chini ya ndizi.

Natamani nikwambie iliishia hapo. Februari nilipigiwa simu. Limerudi. Vipande vilivyobaki kwenye matete vilikuwa vimeanza upya, na mbegu zake hukaa matopeni zaidi ya miaka kumi zikingoja mwanga. Sisi ndio tulikuwa tumewasha taa. Nilijisikia kama siku ile nilipotoka chuo na begi langu: tena umeanza kitu, tena hakikuisha.

Ilibidi nirudi kwenye nilichosoma. Wale Wamarekani, baada ya mashua za kusaga, aseniki na ndoto ya viboko, walifika wapi? Hawakulimaliza. Florida bado wanalo. Kilichobadilika ni kwamba waliacha kungoja lijae ndipo wapigane nalo. Wanalipunguza kila wakati, likiwa bado dogo, mwaka baada ya mwaka, na kazi hiyo haina sherehe ya kufunga.

Nilirudi Aprili, tukafanya mkutano chini ya mwembe uleule. Nikapendekeza zamu: kila Jumamosi ya pili nyumba tatu zinatoa watu, zinavuta saa mbili, zinaokota vipande kwa mkono. Mafuta ya pikipiki ni mchango wa shilingi hamsini kwa nyumba. Mzee mmoja, yule wa serikali, akauliza kwa nini mtoto wa Nairobi anajisumbua hivi na bwawa lisilo lake.

Nikasema ni mimi nililileta. Nikaeleza Port Victoria, matatu, mkebe wa Kimbo. Mwenye ndama alikuwa ameketi mbele kabisa. Kulikuwa kimya. Kisha akasema kwamba nyumba yangu itoe shilingi mia, si hamsini. Watu wakacheka, yeye hakucheka. Ninatuma mia kila zamu, kwa M-Pesa.

Usiku nilimuuliza Kukhu kama amekasirika. Alikuwa anachambua mboga.

"Nilijua," akasema. "Si ni mimi nilikuambia ni zuri?"

Jumamosi iliyopita ilikuwa zamu ya nyumba yake. Anko alinitumia picha: reki iko ukingoni, meno mawili mapya, na rundo dogo la gugu ambalo wilbaro tatu zinatosha kulibeba. Kwenye kidimbwi cha juu wameshaweka vifaranga vya tilapia.